Hapa Hakuna Anayekaa Bure

Mzee Angwenyi aliiegemeza baisikeli yake kwenye ua, akavua kofia, kisha akaomba maji ya kunywa kabla hata ya kusalimia. Hiyo haikuwa desturi yake. Nyaboke alikuwa ameketi barazani na wajukuu zake wawili, ungo wa wimbi katikati yao, wakichambua vijiwe. Mjukuu wa tatu, mchanga, alikuwa amelala mgongoni mwake, amefungwa kwa leso. Ilikuwa Januari ya mwaka 1966, na jua la asubuhi lilikuwa limeanza kukausha umande kwenye migomba.

"Watume watoto mtoni kwanza," akasema mzee huyo wa kanisa.

"Maji yapo ndani, na watoto wako kazini," Nyaboke akajibu. "Umetoka hospitali. Sema, mzee."

Angwenyi akaigeuza kofia mikononi. "Marion hakuamka leo."

Marion alikuwa mke wa Onchiri, mwana wa pili wa Nyaboke. Alikuwa amepelekwa Kisii mjini kwa homa iliyokataa kushuka, naye Onchiri alikuwa mbali, kibarua kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Vidole vya Nyaboke vilibaki ndani ya wimbi. Akatazama kichwa cha Ombati, mvulana wa miaka minane, kilichokuwa kimeinama juu ya ungo kana kwamba hakikusikia kitu. Akamtazama Bitutu, mdogo wake wa kike, aliyekuwa ameshika kijiwe kimoja tu na kukibana mkononi. Watu wengine wangewaficha watoto hao siku nzima, wakawadanganya kwamba mama amesafiri. Nyaboke alikuwa amewazika watoto wake wanne, akajua uongo wa namna hiyo hauoti mizizi.

"Mama yenu amelala," akawaambia. "Hataamka mpaka Bwana atakapokuja kuwaita walio wake. Njooni hapa."

Wakaja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haukunjuki vizuri, maana aliwahi kuteleza mteremkoni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, ukavunjika na kuunga vibaya. Kwa hiyo aliwakumbatia wote wawili kwa ule mmoja mzima. Vilio vya wanawake wa jirani vilipoanza kusikika kutoka boma la chini, alikuwa bado amewashika hivyo.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Ratemo, mwanawe wa kwanza, aliitisha kikao. Ratemo alikuwa na duka Ogembo. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, mwenye haraka ya kupanga mambo kama anayepanga sufuria kwenye rafu, kubwa chini na ndogo juu.

"Ombati nitamchukua mimi, asome Ogembo," akasema. "Bitutu ataenda Nyamira kwa shemeji yangu, ana mtoto mdogo, watasaidiana. Huyu mchanga, Nyamongo, bado ni wa maziwa ya kikombe. Kuna mama mmoja wa kanisa letu ambaye hakujaliwa mtoto, amekubali kumlea."

Onchiri alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amefiwa na mke, alipaswa kurudi kazini Kericho, na mbele ya kaka yake mkubwa hakuwa mtu wa maneno.

"Umemaliza?" Nyaboke akauliza.

"Mama, sisemi kwa ubaya. Kwa mkono wako huo huwezi hata kuinua chungu. Utawainuaje watoto watatu?"

"Hawa si mizigo ya kuinuliwa. Wana miguu."

"Nyamongo hana."

"Atapata. Wenzake wote walipata." Akamgeukia Onchiri. "Wewe ndiwe baba yao. Nipe mpaka wimbi liingie ghalani. Kama litaingia na nyumba hii imeshindwa, kaka yako awagawe apendavyo, nami sitafungua kinywa."

Onchiri akamtazama kaka yake, kisha mama yake. "Mpaka wimbi liingie," akasema kwa sauti ndogo.

Jioni hiyo Nyaboke aliomba kwa muda mrefu. Hakuomba mkono wake upone, kwa kuwa alikuwa ameuomba miaka mingi na alikwisha kukubali jibu. Aliomba apewe akili ya kuutumia ule uliobaki.

Akili yenyewe ilimjia akiwa anaosha vibuyu vya maziwa. Kibuyu cha maziwa ya mgando huoshwa kwa maji moto na changarawe, ukikitikisa mpaka uchafu wa ndani ubanduke, na kazi hiyo inataka mikono miwili. Tangu kifo cha mama yake, Bitutu alikuwa hasemi. Alikula akiambiwa kula, akalala akiambiwa kulala. Nyaboke akamwekea kibuyu mapajani.

"Tikisa, mke mwenzangu. Mimi nimeshindwa."

Mtoto akatikisa mara moja, akasikia changarawe zikicheka ndani. Akatikisa tena. Ombati, ambaye hakuweza kuona mtu akipiga kelele akakaa kimya, akachukua kibuyu cha pili. Punde wakawa wanashindana, huyu polepole, huyu mbio, na Nyaboke akawapigia makofi ya mkono mmoja juu ya goti lake. Nyamongo mgongoni akaruka-ruka. Vibuyu vilipooshwa vikang'aa, Bitutu akauliza swali lake la kwanza tangu mazishi.

"Magokoro," akasema, kwa kuwa ndivyo Wagusii wanavyomwita nyanya, "mama akiamka siku ile, atatukuta sote mahali pamoja?"

Nyaboke akamwaga maji ya kibuyu kwenye mizizi ya mgomba kabla ya kujibu.

"Atawakuta pamoja," akasema. Na kuanzia hapo hakujiona tena kama bibi kizee anayebishana na mwanawe. Alikuwa amempa mtoto neno.

Basi nyumba ikawa na sheria moja: hapa hakuna anayekaa bure. Hakuna aliyetumwa kazi akaachwa nayo peke yake, na hakuna aliyetazama mwenzake akifanya. Kwa kusaga wimbi, Nyaboke alisukuma jiwe kwa mkono wa kulia, Ombati akasukuma upande wa kushoto, na Bitutu akalisha nafaka kidogo kidogo huku akiimba nyimbo za Shule ya Sabato alizozichanganya maneno. Chinsaga, ile mboga chungu, ilipochumwa, Nyamongo alipewa mabua ayavunje. Aliyavunja, akayatupa, akamtupia na kuku. Majivu ya jikoni yalipelekwa kwenye migomba juu ya gome pana la mgomba lililoburutwa kama gari. Yakiisha kumwagwa, gome lilipandishwa tena mlimani, watoto wakalikalia na kuteremka nalo mpaka chini, matope usoni, wakipiga mayowe. Nyaboke aliwangoja chini na kuwaonya wasimwangushe Nyamongo. Siku moja waliomba apande na yeye.

"Nikivunja na huu mwingine, nani atawachapa?" akauliza.

"Hujawahi kutuchapa," Ombati akasema.

"Basi nitaanzia kwako, mume wangu."

Mambo hayakwenda vizuri wakati wote. Obokima, ugali wa wimbi, ulitoka mbichi katikati. Mayai yalivunjika. Nguo zilizofuliwa na Bitutu zilianikwa juu ya ua wa miiba zikatoboka kama wavu. Jirani yake, Loice, alipita akielekea sokoni, akasimama njiani na kucheka.

"Nyaboke, hawa ni yatima au vibarua wa pareto?"

"Kibarua anaonyeshwa kazi, mwenye shamba akaenda kivulini. Umeniona kivulini?"

"Ungefanya haraka zaidi peke yako, hata kwa mkono huo."

"Kweli," Nyaboke akakubali. "Na nikifa watajua nini? Kwamba nilikuwa na haraka?"

Loice akatikisa kichwa. Lakini kesho yake alileta mbegu za maboga, akasema ni za kupanda na hao vibarua.

Wimbi likaota, likapaliliwa, likaanza kutoa vichwa vya kijani. Hapo ndipo malaria ilipomshika Nyaboke. Alikuwa ameikana siku mbili tatu, akijipaka maji usoni, lakini asubuhi ya Ijumaa alishindwa kusimama. Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio: chakula cha Sabato kipikwe, watoto waogeshwe, nguo zinyooshwe, nyumba ifagiliwe na sakafu isiribwe kwa kinyesi cha ng'ombe na udongo, yote kabla jua halijazama. Ombati akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala.

"Magokoro, tufanye nini?"

"Mnajua," akasema Nyaboke kupitia meno yaliyokuwa yakigongana. "Kila Ijumaa tunafanya."

Akawasikia siku nzima kama mtu anayesikia watu ng'ambo ya mto. Akasikia jiwe la kusagia. Akasikia Bitutu akimwogesha Nyamongo na kumwambia afunge macho, na Nyamongo akikataa. Mara moja alisikia sufuria ikianguka na ukimya mrefu, akajaribu kuinuka, akashindwa, kisha Ombati akasema, "Haijamwagika yote," naye akalala tena. Alasiri, dawa ya majani aliyoletewa na Loice ilipoanza kumtoa jasho, alisikia harufu mbichi ya kinyesi cha ng'ombe na vidole vikipita sakafuni, shua, shua. Akafungua macho. Watoto wote watatu walikuwa wamepanda kitandani kwake. Nyumba nzima kuanzia mlangoni mpaka ukingo wa kitanda ilikuwa imesiribwa, laini, yenye michoro ya vidole kama mawimbi, na imelowa chepechepe.

Mtu mwenye kusiriba huanzia ndani kabisa akamalizia mlangoni, akatoka. Wao walikuwa wameanzia mlangoni.

Nyaboke akaelewa mara moja. Kila Ijumaa yeye mwenyewe ndiye aliyesiriba pembe za ndani, kwa kuwa ni za giza, na kuwaachia wao pale penye mwanga, mlangoni. Walikuwa wameanza pale walipozoea kuanza. Alikuwa bado anatafuta la kusema waliposikia sauti ya Ratemo uani.

"Hodi humu. Mama? Nimesikia u mgonjwa."

"Usikanyage, baba mkubwa," Bitutu akapaza sauti. "Bado mbichi."

Ratemo akachungulia. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimepakwa rangi, vya mtu aliyetoka duka lake Ogembo. Akaitazama sakafu, akamtazama mama yake akitokwa jasho, na wajukuu watatu wamejipanga kitandani kama kuku juu ya kijiti.

"Nani aliyewafungia humo?"

"Tumejifungia wenyewe," Ombati akasema. "Itakauka."

"Mama, umeona sasa?" Ratemo akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi, ilikuwa ya kuchoka. "Nimekuja na sweta ya Ombati. Nilitaka kungoja wimbi kama ulivyosema, lakini mtu akiugua huwezi kungoja. Jumapili naondoka naye. Na wenzake nitawapanga."

Nyaboke akajiinua kwa kiwiko chake kizima. Kichwa kilimzunguka, akangoja kitulie.

"Ratemo, kuna moto jikoni?"

"Upo."

"Chakula cha kesho?"

Ratemo akageuka, akaenda kwenye kibanda cha jiko, akarudi. "Kipo. Kimefunikwa."

"Mtoto huyu ameogeshwa au hakuogeshwa? Mnuse kutoka huko."

"Mama."

"Nimelala tangu asubuhi. Sijainua hata kijiko. Kosa la sakafu ni langu, sikuwafundisha pa kuanzia. Lingine lote walifanya wao, na mimi nikiwa maiti ya mchana. Wewe uliniambia nitawainuaje. Leo ni nani aliyemwinua mwenzake?"

Jua lilikuwa linashuka juu ya vilima, nalo halikungoja hoja za mtu. Nyamongo akaanza kulia kwa usingizi na njaa, akikataa kubebwa na yeyote kitandani.

"Mpokee kwa dirishani," Nyaboke akaamuru.

Dirisha lilikuwa dogo, la ubao, juu ya kitanda. Ombati akamnyanyua mdogo wake, Ratemo akampokea kutoka nje, akamweka begani kwa koti lake la safari. Bitutu akatoa kichwa kwenye dirisha lile lile.

"Baba mkubwa, kuna maharagwe kwenye kikapu pale barazani. Hayajamenywa."

"Mimi nimebeba mtoto."

"Magokoro anambeba mgongoni, halafu anamenya. Hapa hakuna anayekaa bure."

Nyaboke alifumba macho asicheke. Kisha akasikia kigoda kikiburutwa, na ganda la kwanza la maharagwe likipasuka, halafu la pili, bila haraka.

"Ugali huo wa wimbi umepikwa na nani?" Ratemo akauliza kutoka nje, baada ya kujipakulia sahani jikoni.

"Mimi," Ombati akajibu.

"Mwanamume huyo? Mwisho wa mwaka unaenda kutahiriwa. Mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni."

"Bado sijawa. Nikishakuwa nitaacha."

"Na Bitutu naye atakuwa amefikia urefu wa chungu," Nyaboke akaongeza. "Hilo nimekwisha kulipigia hesabu. Una neno jingine?"

"Ugali una madonge," akasema Ratemo.

"Wako wa kwanza ulikuwa na kokoto."

Jua lilipogusa mlima, Ratemo akasimama nje ya mlango, kofia mkononi, Nyamongo amelala begani, akafungua Sabato kwa sala. Wale wa ndani wakaitikia kutoka kitandani, ng'ambo ya sakafu iliyokuwa ikikauka. Aliomba kwa ajili ya mgonjwa. Aliomba kwa ajili ya nyumba hii, akasema "nyumba hii" mara mbili, na Nyaboke akasikia jinsi alivyositasita kabla ya kuendelea.

Jumamosi walikwenda kanisani bila Nyaboke, watoto wakimshika Ratemo mikono. Jumapili asubuhi alifunga mzigo wake. Sweta akamwachia Ombati.

"Wimbi liingie lisiingie, simchukui mtu," akasema mlangoni. "Onchiri nitamweleza mimi. Lakini likizo ya Agosti nitakuletea wangu wawili. Kwangu hata mahali kikombe kinapowekwa hawapajui."

"Waje na nguo za kazi," Nyaboke akasema.

Wimbi liliingia ghalani mwezi wa saba, likibebwa na watu wa kila kimo. Ombati alitahiriwa Desemba, akaacha jiko kama alivyosema, akachukua ng'ombe na kuni. Bitutu akashika mwiko. Nyamongo alipata miguu, na kazi yake ya kwanza rasmi ilikuwa kuhesabu vifaranga jioni, akiwataja kila mmoja kwa jina la mtu wa kanisa mpaka mzee Angwenyi akalalamika kuwa wake ameliwa na mwewe. Miaka mitatu baadaye Onchiri alimwoa Nyanchera, mwanamke mtulivu kutoka upande wa Nyamira. Siku ya kwanza aliwakuta watoto wamemwandalia maji ya kuoga na moto. Alikaa kwenye kigoda akalia kidogo, akasema alikuwa ameogopa kukuta watoto wa kuanza kulelewa upya. Nyaboke akampa ungo.

Watoto wa Ratemo walikuja likizo baada ya likizo, na wa Loice, na wengine ambao hakuna aliyewaalika. Kuna waliosema bibi huyo ana ukali. Kuna waliosema anacheza na watoto kama mtoto mwenzao. Yote mawili yalikuwa kweli. Alizeeka akiwa na mkono mmoja mzima na mikono mingi ya kukopa, na hakuna mtoto wa Marion aliyelala chini ya paa jingine mpaka Ombati alipokwenda shule ya bweni, kwa hiari yake.

Nyaboke alifariki mwezi wa tisa wa mwaka 1977, alfajiri, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua kwa wiki chache. Nyanchera alikuwa naye, na Bitutu, aliyekuwa amerudi kutoka shule ya sekondari. Mgonjwa alikuwa ameomba anyweshwe uji, akanywa kidogo, akasema umekolea chumvi, akalala.

Walimzika Jumapili. Ombati alifika Ijumaa usiku, Nyamongo alikuwa tayari nyumbani. Seremala wa Marani alitengeneza jeneza la mbao za mkangazi, na wanawake wa kanisa wakamvika nguo yake nyeupe ya Meza ya Bwana. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto wa nyumba, kama inavyofanyiwa mwanamke wa Kigusii. Mzee Angwenyi, ambaye naye sasa alitembea kwa fimbo, alisoma habari za waliolala katika Kristo. Hakuhubiri kwa muda mrefu, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Nyamira.

Ratemo alizungumza kwa niaba ya wana. Alisema mama yake alimfundisha kazi mara mbili, utotoni na tena akiwa na ndevu, akashindwa kuendelea, akaketi. Onchiri alibaki amesimama karibu na kaburi na kofia yake kifuani. Kwaya ikaimba. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Watoto watatu wa Marion wakasimama upande mmoja, Ombati, Bitutu na Nyamongo, kila mmoja akachukua udongo kwa mkono wake, wakautia pamoja. Kisha wanaume wakashika majembe. Sala ya mwisho ilisomwa mvua ikianza kudondoka, na watu wakaingia nyumbani kula.